UZI: Damu iliyokaa chini ya rangi kwa zaidi ya miaka kumi, na jinsi mauaji ya Lynette White yalivyotatuliwa

Wakuu, salaam.

Kesi za mauaji zinazotatuliwa baada ya miaka mingi husimuliwa karibu kila mara kwa namna moja: polisi walikwama kwa kukosa ushahidi, sayansi ikakua, mashine mpya ikaja, muuaji akakamatwa. Kesi ninayoileta leo haikuwa hivyo hata kidogo. Katika mauaji ya Lynette White, yaliyotokea Cardiff, nchini Wales, mwaka 1988, ushahidi ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na ulisema waziwazi kwamba watu waliopandishwa kizimbani sio wahusika. Waliokuwa na mamlaka ya kuusikiliza waliamua kusikiliza kitu kingine. Naomba mnivumilie kwa urefu, kwa kuwa jambo lenyewe haliwezi kueleweka kwa mkato.

Lynette White alikuwa binti wa miaka 20 aliyekuwa akijiuza katika eneo la bandari la Cardiff liitwalo Butetown. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Februari 1988, aliuawa katika chumba kilichokuwa ghorofani, namba 7 mtaa wa James Street. Alichomwa kisu mara zaidi ya 50. Mwili wake ulikutwa usiku wa siku hiyo hiyo.

Mtu anayechoma kisu kwa nguvu na kwa kurudiarudia mara nyingi hujikata mwenyewe. Mpini huloa damu, mkono huteleza na kushuka kwenye makali, na muuaji huanza kutoa damu yake bila kujua. Kwa hiyo wataalamu wanapokuta chumba cha namna hii hawaishii kwenye damu ya marehemu, bali hutafuta pia ile isiyokuwa yake. Katika chumba cha James Street damu ya pili ilipatikana. Kwenye nguo za marehemu na ukutani kulikuwa na madoa ambayo hayakuwa ya Lynette. Isitoshe, mashahidi walikuwa wamemwona mtu mweupe mwenye nywele nyeusi karibu na nyumba ile, akiwa na damu na akionekana kuchanganyikiwa. Mwezi uliofuata polisi walitangaza mchoro wa sura yake kwenye televisheni. Hadi hapo upelelezi ulikuwa unaelekea mahali sahihi.

Miezi ikapita bila kumpata mtu yule. Ilipofika Desemba 1988 polisi wakakamata wanaume watano, na hakuna hata mmoja aliyefanana na mtu wa kwenye mchoro, kwa sababu wote watano walikuwa weusi au machotara wa Butetown. Alikuwemo Stephen Miller, aliyekuwa mpenzi wa marehemu, pamoja na Yusef Abdullahi, Tony Paris, na wengine wawili waliokuwa mtu na binamu yake.

Sasa fikirini hadithi ambayo upande wa mashitaka uliileta mahakamani. Kwamba wanaume watano waliingia katika chumba kimoja kidogo, wakamshambulia binti kwa kisu hadi damu ikatapakaa kila mahali, na kwamba wanawake wawili waliokuwepo walilazimishwa nao kumkata ili wasije wakatoa siri. Watu saba au wanane, chumba kimoja, damu kila upande. Halafu hakuna alama ya kidole, hakuna unyayo, hakuna uzi wa nguo, hakuna tone la damu lililomgusa hata mmoja wa wale watano. Wakati huohuo damu ya mtu mwingine asiyejulikana ilikuwa imebaki palepale. Abdullahi, kwa upande wake, alikuwa kazini kwenye meli iitwayo Coral Sea katika bandari ya Barry, nje ya Cardiff, na waliofanya naye kazi walisema hivyo.

Kilichowatia hatiani kilikuwa maneno. Miller, ambaye uwezo wake wa kuelewa mambo ulikuwa chini ya wa mtu mzima wa kawaida, alihojiwa kwa muda wa saa 13 katika siku tano, na mahojiano yakajaza kanda 19. Alikana kuhusika zaidi ya mara 300. Mwishowe akachoka, akaanza kukubali yale aliyokuwa anaambiwa. Baada ya kesi iliyokuja kuwa mojawapo ya kesi ndefu kabisa za mauaji katika historia ya Uingereza, iliyobidi kuanza upya kwa sababu jaji wa kwanza alifariki katikati ya shauri, mwezi Novemba 1990 Miller, Abdullahi na Paris wakahukumiwa kifungo cha maisha. Binamu wale wawili wakaachiwa, lakini baada ya kukaa mahabusu karibu miaka miwili.

Mwezi Desemba 1992 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu hiyo. Majaji walisikiliza kanda namba 7 ya mahojiano ya Miller kwa masikio yao, na Jaji Mkuu, Lord Taylor, akasema kwamba ukiondoa kipigo chenyewe, ni vigumu kufikiria namna ya kumhoji mtuhumiwa iliyo ya uhasama na vitisho kuliko ile. Alimlaumu pia wakili aliyekaa pembeni ya Miller wakati akipigiwa makelele bila kuingilia kati. Wanaume watatu wakatoka gerezani, ila minong'ono haikutoka mitaani. Wapo waliosema wameponea kwenye vifungu vya sheria tu. Kwa miaka kumi zaidi waliishi wakinyooshewa vidole kwa damu ambayo haikuwa mikononi mwao, huku muuaji akiendelea na maisha yake umbali wa kilomita chache.

Namna muuaji alivyopatikana

Upelelezi ulifunguliwa upya mwishoni mwa miaka ya 1990, na kazi ya maabara ikakabidhiwa timu ya mtaalamu aitwaye Angela Gallop. Huyu mama namheshimu sana, na sababu yake ni ndogo tu: hakuanza na mashine, alianza na chumba. Alijiuliza muuaji aliyejikata mkono angesimama wapi, angepapasa ukuta gani gizani, angeshika nini akielekea mlangoni. Kisha timu yake ikaanza kupekua vitu vilivyohifadhiwa tangu 1988.

Kati ya takataka zilizookotwa sakafuni kulikuwa na kipande cha karatasi nyembamba ya selofani (cellophane), ile inayofunika pakiti ya sigara. Kipande hicho kilikuwa na doa dogo la damu, damu ya mwanamume asiyejulikana. Tangu hapo wapelelezi wakampa mtu huyo jina la Cellophane Man, kutokana na karatasi yenyewe.

Doa moja kwenye kitu kinachoweza kubebwa na kuhamishwa halitoshi. Wakili yeyote makini angeuliza karatasi hiyo ilifikaje pale, na pengine iliangushwa na mteja mwingine siku nyingine. Kwa hiyo timu ikarudi kwenye chumba chenyewe cha James Street, miaka zaidi ya kumi baada ya mauaji. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi upya, hata mbao zinazozunguka chumba pale ukuta unapokutana na sakafu. Wataalamu walizikwangua mbao hizo tabaka kwa tabaka, polepole, na chini ya rangi wakaikuta damu. Fundi aliyepaka rangi ili chumba kionekane kisafi alikuwa ameifunika damu hiyo na kuikinga. Vipimo vikaonyesha ni damu ya mtu yuleyule wa kwenye karatasi ya sigara. Hapo ndipo hoja ya kwamba doa lilibebwa tu kutoka kwingine ikafa, kwani ubao uliopigiliwa ukutani haubebwi na mteja wa jana.

Mwanzoni mwa mwaka 2002 timu ilikuwa na picha kamili ya vinasaba vya mtu huyo. Wakaiingiza kwenye kanzidata ya taifa ya vinasaba, iliyoanzishwa mwaka 1995. Hakuna aliyelingana. Hapa wengine wangefunga faili na kusema tumefanya tuliloweza.

Lakini vinasaba vile vilikuwa na sifa moja adimu, ambayo watu wachache sana wanayo. Wakaamua kutafuta ndani ya kanzidata watu wenye sifa hiyo, kisha wakawachuja kwa kuangalia ni nani anayekaribiana na damu ya chumbani katika sehemu nyingine pia. Jina lililobaki juu lilikuwa la kijana wa miaka 14 ambaye Lynette alipouawa hakuwa hata amezaliwa. Kijana hakuweza kuwa muuaji, ila angeweza kuwa ndugu yake. Wapelelezi wakaanza kuwafuata watu wa ukoo huo mmoja mmoja na kuwaomba sampuli ya mate, hadi walipomfikia baba yake mdogo, Jeffrey Gafoor, mlinzi aliyekuwa akiishi peke yake katika kijiji cha Llanharan, nje ya Cardiff.

Gafoor alitoa sampuli bila ubishi. Polisi, kwa bahati, hawakumwacha bila uangalizi, na walipogundua kwamba anazunguka madukani kununua vidonge vya paracetamol walivunja mlango wake na kumkuta amekwisha kuvimeza. Hiyo ilikuwa tarehe 28 Februari 2003. Akiwa anapelekwa hospitali alikiri kwamba ndiye aliyemuua Lynette White, na kwamba siku hiyo ameisubiri kwa miaka 15. Alipona. Tarehe 4 Julai 2003 alikiri kosa mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Chanzo cha yote, kwa maelezo yake, kilikuwa ugomvi wa pauni 30: alikwisha kulipa, akabadilisha mawazo, akataka arudishiwe pesa zake.

Naomba nikaze jambo moja kabla ya kupokea maswali. Mwaka 1992, yaani mwaka uleule ambao Miller na wenzake walitoka gerezani, Gafoor alitiwa hatiani kwa kumjeruhi mtu aliyefanya naye kazi. Kanzidata haikuwa imeanzishwa, kwa hiyo hakuchukuliwa vinasaba, na akarudi nyumbani. Ndiyo maana mwaka 2002 kompyuta ilipoulizwa ilijibu kwamba haimjui.

Majibu kwa waliouliza

Mkuu uliyeuliza kwa nini kazi hii haikufanyika mwaka 1988 wakati DNA ilikuwa tayari inajulikana, swali lako ni la msingi sana. Ni kweli ilikuwa inajulikana, tena nchini humohumo. Profesa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alikuwa amegundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba mwaka 1984. Na mwezi Januari 1988, wiki chache tu kabla ya Lynette kuuawa, Colin Pitchfork alihukumiwa kwa kuwaua wasichana wawili katika vijiji vya Leicestershire, naye alipatikana baada ya wanaume zaidi ya 5,000 kutoa sampuli. Tatizo ni kwamba njia ya wakati ule ilidai damu nyingi na ambayo haijaharibika. Doa la ukubwa wa kichwa cha pini lisingetoa jibu. Kilichobadilisha mambo ni mbinu ya kukizalisha kipande kidogo cha vinasaba mara mamilioni hadi kitoshe kupimwa, na baadaye mfumo uliotumika Uingereza tangu 1999, ambao hupima sehemu kumi za vinasaba pamoja na ile inayoonyesha jinsia.

Hata hivyo, mkuu, usiache kesi ya Pitchfork ipite hivihivi. Kabla hajapatikana, polisi walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mojawapo ya mauaji yale. Vipimo vya Jeffreys vilionyesha kwamba kijana huyo hakuhusika, na akaachiwa. Kwa maneno mengine, mtu wa kwanza kunufaika na DNA katika kesi ya mauaji alikuwa asiye na hatia aliyekiri kosa ambalo hakulifanya. Polisi wa Cardiff walimhoji Miller mwezi Desemba mwaka huohuo uliofungua kwa hukumu ya Pitchfork. Tahadhari juu ya kukiri kwa kubanwa ilikuwa imekwisha kutolewa hadharani. Na hata bila DNA, makundi ya damu, ambayo ni kipimo cha tangu enzi za babu zetu, yalitosha kuonyesha kwamba damu ya pili haikuwa ya yeyote kati ya wale watano.

Dada aliyeuliza kama rangi ya ngozi ilikuwa na nafasi katika jambo hili, jibu langu ni ndiyo, na sitalizunguka. Butetown, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tiger Bay, ni mtaa wa mabaharia. Wasomali, Wayemeni na watu wa Afrika Magharibi walikuwa wakiishi pale tangu karne ya 19, wakifanya kazi kwenye meli za makaa ya mawe. Mwaka 1952 baharia Msomali aitwaye Mahmood Mattan alinyongwa katika gereza la Cardiff kwa mauaji ya mwanamke mwenye duka mtaani humo. Ushahidi mmojawapo dhidi yake ulikuwa vidoadoa vya damu kwenye viatu alivyovinunua vikiwa mtumba, na wakili wake mwenyewe alimwelezea mahakamani kwa maneno ya kumfanya aonekane mshenzi. Hukumu ile ilifutwa Februari 1998, miaka 45 baada ya mtu kuzikwa. Kwa hiyo watu wa Butetown walipoona wanaume watano weusi wanakamatwa kwa kosa ambalo mashahidi walisema lilifanywa na mtu mweupe, hawakuhitaji kufafanuliwa na mtu. Angalieni pia kwamba katika kesi ya Mattan kulikuwa na kile kinachoitwa ushahidi wa kitaalamu. Damu kwenye kiatu haikusema ni ya nani wala ilifika lini, watu ndio walioisemea.

Kuna ndugu amehoji uhalali wa kumfikia mtu kupitia vinasaba vya mtoto wa kaka yake, akisema kwamba kwa njia hiyo ukoo mzima unawekwa chini ya uangalizi bila ridhaa. Hoja hiyo nzito siwezi kuibeza. Kila mmoja wetu amerithi nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo ukimpima mmoja umegusa wengi. Kijana yule hakuwa na kosa lolote katika mauaji haya, na bado yeye ndiye aliyefungua mlango. Msimamo wangu ni kwamba njia hii inafaa kwa makosa makubwa kama mauaji, baada ya njia nyingine kushindikana, na kwa masharti kwamba jina linalotoka kwenye kompyuta lichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia tu. Katika kesi hii ilifanyika hivyo. Gafoor hakukamatwa kwa kufanana na ndugu yake, bali damu yake mwenyewe ililinganishwa na ile ya ubaoni na kwenye karatasi, ikaoana.

Wengi mmeuliza kilichowapata waliosababisha wanaume wale kufungwa. Mwaka 2008 mashahidi watatu wa upande wa mashitaka walifungwa miezi 18 kila mmoja kwa kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo, ingawa jaji aliyewahukumu alikubali kwamba walikuwa wameandamwa, wametishwa na kuchezewa akili na polisi. Nakiri kwamba hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu walikuwa watu dhaifu kabisa katika mlolongo mzima. Mwaka 2011 maofisa wanane wastaafu wa polisi walifikishwa mahakamani mjini Swansea kwa tuhuma za kupotosha haki. Wote walikana. Tarehe 1 Desemba 2011 kesi ilianguka kwa sababu nyaraka ambazo upande wa utetezi ulistahili kuziona zilidhaniwa zimeteketezwa, na jaji akaelekeza washitakiwa wote watamkwe kuwa hawana hatia. Kisheria, basi, hawana hatia, na inatupasa kuheshimu hilo.

Mwezi Januari 2012, wiki chache baadaye, nyaraka hizo zilipatikana. Hazikuwa zimeteketezwa. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na wakili Richard Horwell ulitoa taarifa yake mwaka 2017 na kuhitimisha kwamba kesi iliangushwa na udhaifu wa kibinadamu, wala si nia mbaya. Inawezekana kabisa ni kweli. Ila mimi nikiiweka taarifa hiyo kando ya kazi ya maabara napata shida kuikubali kimoyomoyo. Kipande cha karatasi ya sigara kilitunzwa tangu 1988 hadi kikaja kusomeka, na damu ikatafutwa chini ya rangi hadi ikapatikana, halafu maboksi ya nyaraka, yenye kesi kubwa kama ile juu yake, hayakutafutwa kwa bidii hata siku chache zaidi kabla ya jaji kuombwa aifunge. Wawili kati ya wale wanaume watano walikuwa wamekwisha kufariki kabla nyaraka hazijaonekana, Yusef Abdullahi akiwa mmojawapo, mwaka uleule wa 2011, akiwa na miaka 49. Kesi ile haikufunguliwa tena.